Mstari Mmoja wa Nukta

Tangazo linasema barua iandikwe kwa mkono.
Basi naandika kwa mkono huu
ambao kituoni Kirumba wanao tayari,
vidole vyote kumi, kwa wino mweusi,
tangu nina miaka kumi na saba.

Karatasi ya kwanza niliiharibu kwenye "Yah".
Ya pili imedondokewa na mafuta ya dagaa.
Mabatini chumba kimoja, meza moja,
huku jiko la mama, huku serikali.
"Andika mwandiko wa shule," anasema, "si ule wa kwako."

Urefu ninao. Cheti cha kuzaliwa ninacho.
Meno yote, ukiondoa moja.
Alama ya kuchora mwilini sina,
ingawa Doto Bugumba alinishika bega, sindano mkononi,
usiku ule kabla hatujashuka Igombe,
nikasema inauma, nikakimbia.
Woga uliwahi kunifaa. Mara hiyo moja.

Halafu fomu, kipengele cha kumi na moja:
Je, umewahi kukamatwa au kushtakiwa kwa kosa lolote?
Kama ndiyo, eleza.
Wameweka nukta, mstari mmoja,
kama sisimizi wanaokwenda msibani.

Eleza.
Mashine ya boti, farasi kumi na tano,
tulivyoifungua kwa spana ya baiskeli,
mimi juu ya jiwe nikiangalia tochi?
Kazi yangu ilikuwa kupiga mluzi.
Tochi ilikuja. Sikupiga.
Hadi leo sijui kama ulimi ulikauka
au kuna kitu ndani yangu kilitaka tukamatwe.

"Andika hapana," mama anasema. "Kesi si ilifutwa?"
Ilifutwa, mama.
Lakini kifutio cha mahakama hakifiki vidoleni.

Wadhamini wanataka watatu.
Mwenyekiti wa mtaa alisaini bila kuinua macho.
Mwalimu wa hesabu aliuliza kama bado nadaiwa dawati.
Wa tatu, miguu yenyewe ilinipeleka Mwaloni
kwa Nyasatu Magesa, mwenye mashine.

Alikuwa akihesabu mabondo. Akanihesabu na mimi.
"Wewe ndiye wa kwenye jiwe."
Halikuwa swali.
"Mwaka mzima tulipiga kasia. Mwanangu Bwire,
mabega yake hadi leo moja liko juu, moja liko chini.
Na sasa unataka bunduki."
Nikasema nataka kazi.
"Kazi zipo. Kwa nini hiyo?"

Jibu nilikuwa nalo, nililikariri tangu Igogo,
lina uzalendo ndani yake, lina nidhamu.
Likanitoka lote.
Nikasema: "Najua wanaposimama."

Hakucheka. Aliomba kalamu.
Aliandika muda mrefu, kiganja kimefunika karatasi
kama mtoto anayeogopa kuigiliziwa mtihani,
akalamba bahasha,
akaigandamiza kwa jiwe la mzani.
"Nimeandika ninachokijua," akasema. "Usiifungue."

Sasa ipo hapa, inanuka sangara.
Kufungua bahasha ni kazi ndogo kuliko kufungua mashine:
mvuke wa sufuria unatosha, na sufuria ndiyo hiyo inachemka.
Jana niliiinua mbele ya balbu,
nikaona kivuli cha maneno, yamebanana,
neno moja limekatwa, likaandikwa tena juu yake.
Nikageuza uso.
Sitasema niligeuza upesi.

Nimeandika ndiyo.
Nikaanza kueleza.
Nukta zimeishia kwenye neno "jiwe".
Nimeendelea pembeni, nikazungusha karatasi,
nikapanda na ukingo hadi juu, karibu na ile nembo,
mwandiko wa shule umenishinda, huu ni ule wa kwangu,
na mama, bila neno,
ameshusha jiko chini
akaniachia meza.